Kaka, nyumba ya Cheyo haiuzwi

Galesburg, Illinois

Kaka Ramadhani,

Shikamoo. Mimi mzima, Baba Salma mzima, watoto wanakwenda shule. Mama mpe shikamoo yangu ya peke yake, usiichanganye na za watu wengine.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia nisije nikasema nilisikia vibaya. Kwamba yule bwana wa Kahama amefika bei ya nyumba ya marehemu Baba pale Cheyo, Tabora, kwamba Baba Mdogo Kassim ameshakubali, kwamba nimebaki mimi tu, nitume ridhaa yangu na hela ya kumalizia mambo ya mirathi mahakamani. Ukamalizia kwa kicheko kwamba sisi tuliojificha kijijini Marekani hatujui mjini mambo yanakwendaje. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Tuanze na hicho kijiji. Galesburg ina watu kama 30,000. Ukiiweka mbele ya Tabora ni mtaa tu, sikatai. Lakini ni mji wa reli, na mimi na wewe tumezaliwa relini. Njia kuu mbili zinapita hapa. Kwenda Chicago unapanda treni, chini ya saa tatu umeshuka, na ukigeukia upande wa pili ipo ya kukufikisha California. Za mizigo ndizo usiseme: kontena juu ya kontena, ukiikuta kwenye kivuko unazima gari kabisa, unachambua mboga kama umebeba. Kwenye yadi wamejenga kilima. Behewa linasukumwa mpaka juu, linafunguliwa, linateremka lenyewe kwenda kwenye njia yake, na mtu wa kulielekeza humwoni. Baba angekaa pale kutwa na kofia yake ya karakana, tungemletea chakula kikapoa.

Na hiyo reli haikujileta. Mji ulianzishwa mwaka 1837 na watu wa kanisa waliotoka New York na mchungaji wao, George Washington Gale. Walinunua ardhi kubwa, wakaikata viwanja, na hela ya viwanja ndiyo iliyokianzisha chuo chao, Knox. Kisha reli ikawa inataka kupita kwingine. Mfanyabiashara mmoja, Chauncey Colton, akahangaika na wenzake mpaka ikapindishwa huku, na mwaka 1854 treni ikaingia. Sasa fikiria mtu aliyekuwa na kiwanja jirani na stesheni mwaka 1853, akamuuzia bwana wa Kahama wao. Wewe hapo ulipo unajua SGR inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora. Bwana wa Kahama naye anajua. Ndiyo maana ana haraka.

Kuna jambo jingine nataka ulisikie vizuri. Mtaa wa Third upande wa mashariki kipo kijumba cha vyumba vitatu, cheupe, ukubwa wake sebule yetu ya Cheyo na jiko. Hapo ndipo alipozaliwa Carl Sandburg mwaka 1878, mshairi mkubwa wa nchi hii. Baba yake alitoka Sweden, akafanya kazi kwenye karakana ya reli, akipiga chuma kwa wahunzi. Fundi wa reli, kama wetu. Mshairi alipofariki majivu yake yaliletwa, yakawekwa nyuma ya nyumba chini ya jiwe. Watu wanatoka mbali kuja kuitazama. Na unajua nani aliishupalia isipotee? Mwanamke wa hapa, Adda George. Mwanamke, kaka. Nimekutajia kwa sababu ulisema kwenye kikao kwamba mtoto wa kike hana neno kwenye nyumba ya baba. Sehemu yangu ni nusu ya yako, hiyo naijua na siibishii, lakini nusu hiyo ni yangu, na ndugu yetu Mwajuma anayo yake.

Usidhani nasema haya kwa njaa. Nyumba ninayo. Picha nimemtumia Mwajuma: vyumba vinne, chumba cha chini ya ardhi, kibaraza mbele, na barabara yetu imetandikwa matofali ya kuchoma tangu enzi za farasi, hadi leo magari yanapita juu yake yakitetema. Kiangazi nalima mchicha na maboga nyuma, majirani wanakuja kuuliza majani ya maboga yanaliwaje. Hapa nyumba si ghali kama Chicago. Palikuwa na kiwanda kikubwa cha friji cha Maytag, kikafungwa mwaka 2004, kazi zikahamishiwa Reynosa, Mexico, na watu wapatao 1,600 wakabaki mikono mitupu. Hata Obama aliwataja kwenye ile hotuba yake ya mwaka huohuo iliyomtoa. Bibi jirani yangu alifanya kazi pale. Friji yake ya kiwandani mwao bado inanguruma jikoni, mpini umefungwa utepe mweusi, na mwanawe akimletea habari ya kununua mpya anamfukuza.

Mimi nipo kwenye kiwanda cha nyama kule Monmouth, zamu ya usiku. Kazi ni kazi. Swali la Mwajuma kwamba ni nyama ya nini sitalijibu kwenye barua itakayosomwa kwa sauti mbele ya Mama. Wakongo tupo nao wengi, Kiswahili hakijanikauka mdomoni. Baridi ipo, tuiache.

Salma anakusalimu. Shule iliwapeleka Knox, kwenye lile jengo kuukuu ambako Lincoln na Douglas, wakigombea useneta, walibishana juu ya utumwa tarehe 7 Oktoba 1858. Jukwaa lilikuwa limeziba mlango, wakapita dirishani, na watu hapa husimulia kwamba Lincoln alisema sasa naye amepitia chuo. Salma akaniuliza, mama, kwenu mwaka huo kulikuwa na nini? Nikamwambia Burton na Speke, wale wavumbuzi wa Kiingereza, walikuwa wametoka tu kupumzika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, na misafara ilikuwa inapita na pembe na watu waliofungwa. Alikaa kimya, kisha akauliza kama nyumba ya babu iko karibu na hapo. Nikamwambia nitampeleka aione. Sasa niambie, nimpeleke akaone gereji ya bwana wa Kahama?

Mwezi wa sita huwa wana sikukuu ya reli. Pembeni ya stesheni wameegesha injini ya mvuke, namba 3006, nyeusi, magurudumu yake yananipita kimo. Nilisogea nikanusa grisi iliyochanganyika na chuma cha jua, nikamwona Baba anaingia uani, Mama anamwambia asikae kwenye mkeka na nguo hizo. Nilimwacha Baba Salma na watoto kwenye foleni ya aiskrimu, nikaenda kusimama nyuma ya tenda, lile behewa linalofuata injini. Siku hiyo embe moja la Tabora ningelinunua kwa mshahara wa wiki.

Basi, kaka, ni hivi. Bati za upande wa jikoni natoa mimi, na dawa za Mama kama kawaida. Kodi ya vyumba vya mbele iendelee kumlisha Mama. Ya mahakamani sitoi hata senti, na sahihi yangu haitakuja kwa simu wala kwa mtu. Hati Mama ameshamkabidhi Mwajuma, usimsumbue. Baba Mdogo Kassim nitampigia mwenyewe Ijumaa, kwa heshima zake zote.

Hela ya bati nimeituma jana. Imeingia kwenye namba ya Mwajuma, siyo yako.

Mdogo wako,
Zuhura