Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tope la mtaro lisilale ukingoni

Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri,

Mvua ya masika ikishika siku nne mfululizo hapa Dar es Salaam, siku hizo hazifanani. Siku ya kwanza udongo wa kichanga hunywa maji. Siku ya pili hunywa kwa shida. Siku ya nne hakimezi tena, na milimita 30 zinazoshuka alfajiri huingia sebuleni pale ambapo milimita 40 za siku ya kwanza ziliishia uani. Ndiyo maana mafundi wa mitaro, tukiambiwa mvua imenyesha, huuliza kwanza imenyesha siku ngapi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu vikao vya bajeti huzisikiliza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Chukua hekta moja ya mtaa uliojaa mabati na nyua za saruji. Mvua ya milimita 40 ndani ya saa moja inashusha lita 400,000. Hata sehemu moja ya tano ikipotelea kwenye udongo, mtaro unapokea kama lita 90 kila sekunde. Kalavati la bomba la sentimita 45, lililolazwa kwa mteremko wa sentimita 1 kila mita 2, likiwa safi linapitisha karibu lita 200 kwa sekunde. Linatosha, na chenji inabaki.

Sasa tope lijae hadi nusu ya bomba. Wengi hudhani nusu ya uwezo imebaki. Haikubaki. Nafasi imepungua nusu, na maji yaliyobaki yanajikwaruza juu ya tope lenyewe, kwa hiyo kinachopita ni kama theluthi moja tu, lita 70 na kidogo. Mtaa unaleta 90. Lita 20 za kila sekunde zinatafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni mlango wa mtu. Kabla ya kuomba fedha za makalavati mapya, tunaomba yaliyopo yabaki matupu.

Na hapa ndipo kazi inapoharibika kila mwaka. Vijana wanashuka mtaroni na makoleo, wanazoa tope, wanalimwaga ukingoni: jeusi, linachuruzika, limefungamana na sandarusi, nepi, vifuu na chupa za maji. Linasubiri tipa. Mwenye tipa haji, kwa sababu tope bichi ni zito na linamwagika njiani, anataka likauke. Jua la siku mbili linalivika ganda juu, mvua ya siku ya tatu inalirudisha lilikotoka. Mtaro umesafishwa, picha zimepigwa, malipo yametoka, na tope ni lilelile.

Dawa yake si ngeni. Kazi ifanyike Februari, mtaro ukiwa mkavu, isingoje Machi. Ianzie mwisho wa mtaro, pale unapomwaga mtoni, ipande kuelekea juu; ukianzia juu unasukuma tope kwenye kalavati la chini. Tope litiwe kwenye viroba vilivyofumwa, vipangwe kwenye simiti, vichuje maji usiku kucha, vipakiwe asubuhi. Mtaro wa upana wa sentimita 60 wenye tope la sentimita 30 una mita za ujazo 18 kila mita 100, yaani kama tani 30: tripu tatu za tipa ya tani 10. Mkataba unaolipa kwa mita zilizozolewa unalipia tope lililohama hatua moja. Ulipe kwa tripu iliyopokelewa dampo la Pugu Kinyamwezi, kwa stakabadhi ya mzani.

Tunajua barabara za mitaa, pamoja na mitaro yake, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Lakini chupa na nepi ni taka, na taka ni za halmashauri.

Kichujio cha nondo mbele ya kalavati kinasaidia, ila kiwe na mtu. Nondo za milimita 16, nafasi ya sentimita 10, zilazwe kwa mshazari ili taka zipande juu na maji yapite chini. Kikiachwa wakati wa mvua, kichujio chenyewe kinakuwa bwawa. Tumeona vingi viking'olewa kwa hasira, na wenye hasira walikuwa na haki.

Kwa mitaa ya chini ya bonde la mto Msimbazi kuna jambo ambalo halimo kwenye ratiba nyingi: bahari. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bamvua hujaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na mto haumwagi upesi. Kalenda ya maji wavuvi wanayo. Zamu za usafi wa vichujio zifuate kalenda hiyo, siyo saa za ofisi.

La mwisho ni vyoo. Mvua ikikolea, wapo wanaotapisha shimo la choo mtaroni, wakitegemea maji yabebe. Faini peke yake haizuii, kwa sababu gari la majitaka ni ghali na vichochoro vingine halipiti. Weka pampu ndogo za kusukumwa kwa toroli katika kata za mabondeni, kwa bei nafuu ya miezi ya kiangazi, ili mashimo yawe yamepungua kabla wingu la kwanza halijafunga.

Nakala: wenyeviti wa serikali za mitaa.

Ni sisi,
Mafundi wa mitaro na makalavati, Dar es Salaam