Mwanangu, panda juu ya dari kabla hujaigusa

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Kaka yako amenisomea ujumbe wako. Umepata kazi ya kukarabati dari ya kanisa la kale huko pwani, na Alhamisi unapanda treni. Nimefurahi, mama. Ila ujumbe mzima ni rangi tu: nyota za dhahabu, bluu ya mbingu, maua ya pembeni. Kilichoko juu ya dari hukukitaja hata kidogo, na hapo ndipo roho yangu haitulii.

Kabla ya yote panda kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Vaa barakoa na glavu, maana vumbi la kinyesi cha popo linaumiza mapafu. Tafuta bati lililotoboka, papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, zilizoliwa na mchwa, misumari iliyokwisha kwa kutu, na mzigo usio na kazi: vigae vya zamani, mchanga, takataka za mafundi waliopita. Pale Assisi, Italia, tarehe 26 Septemba 1997, tetemeko liliangusha sehemu za dari ya Basilika la Mtakatifu Fransisko, pamoja na mchoro wa Cimabue, mchoraji wa kale wa huko. Watu wanne walikufa. Walikuwa ndani wakikagua madhara ya tetemeko la usiku wa kuamkia siku hiyo. Juu ya matao ya dari ile kulikuwa na kifusi kilichorundikana kwa karne nyingi. Aliyesimama chini aliona michoro tu. Nawe unajua ardhi yetu hii ya bonde la ufa inavyotikisika.

Ukishuka, gonga dari taratibu kwa kifundo cha kidole. Palipo pazima panajibu kwa sauti kavu. Palipoachia panalia kama debe tupu. Hapo usipige nyundo. Tegemeza kwa ubao uliovishwa sponji, na mrunda, nguzo ya mti, chini yake, kisha ndipo ufikirie kujaza uji wa chokaa kwa bomba la sindano. Saruji usiiruhusu, hata msimamizi akisema ina nguvu. Ndiyo, ina nguvu kuliko lipu ya zamani, na ndiyo maana inaivunja: ni ngumu, ni nzito, inafungia unyevu ndani. Tumia chokaa iliyolowekwa muda mrefu, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, na nyuzi za katani zilizokatwa fupi. Mchanga wa ufukweni hapana. Chumvi yake itachanua nyeupe na kuisukuma rangi yako nje.

Jingine: hapa kwetu upepo unaikausha lipu kabla haijashika, ndiyo maana umezoea kuinyunyizia maji asubuhi na jioni. Kule hewa ina unyevu wake, tabia hiyo iache Dodoma. Michelangelo mwenyewe, yule msanii mkuu wa Italia, alipochora dari ya Kanisa la Sistine kule Vatikani kati ya 1508 na 1512, aliona kuvu likitanda kwenye kazi yake ya mwanzo kwa sababu mchanganyiko ulikuwa na maji mno. Karibu aache kazi. Alichora akiwa amesimama, shingo imepinda nyuma, rangi ikimdondokea usoni. Kwa hiyo jukwaa lako liwe na nafasi ya kusimama wima, na kila robo saa uteremshe mikono na kunyoosha shingo.

Mkono wako wa rangi naujua, sina la kuongeza. Usiitie maji dari ya zamani kabla ya kujaribu kwa pamba nyevu pahali padogo pa kificho. Rangi nyingine imeshikwa na gundi tu, itaondoka yote. Ile rangi ya dhahabu ya dukani, ya unga wa shaba, hugeuka kahawia. Halafu una haraka, mama, na unapenda kulainisha mno. Dari huonekana kutoka sakafuni. Shuka, kaa kwenye benchi anakokaa muumini, saa ya ibada, kwa mwanga ule ule, ndipo uamue kama ua limekamilika.

Ukipata nafasi ya kufika Kilwa Kisiwani, ingia ule msikiti mdogo wa kuba. Matao yake yalipachikwa mabakuli ya kigeni ya udongo yenye rangi ya kung'aa. Aliyeyapachika alijua msikiti wa mawe unahitaji pahali pa jicho kupumzika.

Ila kwanza kenchi. Najua utasema hakuna aliyekuonyesha. Ni kweli, ngazi nilimpa kaka yako, wewe nikakuachia brashi, na leo brashi ndiyo inayoitwa huko mbali. Basi mwombe fundi bati wa huko mpande pamoja. Usipande peke yako, wala mvua ikiwa imenyesha.

Tenki bado linavuja pale kwenye koki, fundi kaahidi Jumanne. Zabibu tumeshazipogoa, safu mbili za mwisho shangazi yako ndiye aliyezimaliza. Anauliza kama kule utapata mlenda. Amekuanikia mfuko mzima, usiukatae mbele yake. Mbuzi mweusi kazaa mapacha.

Tochi ya kichwa ipo kwenye begi la kijani, mfuko wa pembeni. Betri nimebadilisha.

Baba yako