Tumbo Lako Bado Linapona

Kikuyu, Dodoma
9 Machi 2025

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Manyoni. Sisi huku hatujambo, na uwele umesimama vizuri mashambani. Barua yako niliipokea juzi nikaisoma mara mbili. Iliyonigusa zaidi ni sehemu uliyosema kwamba wiki tatu zimepita tangu kutapika na kuharisha kukome, lakini kila asubuhi unaamka na kichefuchefu, tumbo linaunguruma na kujaa gesi, na sasa umeanza kukiogopa chakula chenyewe. Umeniuliza kama ugonjwa umejificha mwilini. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili lilinipata mimi mwaka jana, nami nisingependa upite njia niliyoipita.

Mimi niliugua baada ya kurudi kutoka msibani. Nilitapika na kuharisha kwa siku mbili, kisha nikadhani nimepona, kumbe kichefuchefu kilibaki kwa zaidi ya mwezi mzima. Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda duka la dawa, ambako muuzaji hakuniuliza lolote wala hakunishauri nipime, akanipa vidonge vya metronidazoli, ambayo ni antibaiotiki. Nilivimeza kwa siku tano, na mdomo wangu ukawa na ladha ya chuma huku kichefuchefu kikizidi, maana dawa hiyo yenyewe huleta kichefuchefu kwa watu wengi. Antibaiotiki hupambana na bakteria na baadhi ya vijidudu vingine. Virusi haviguswi nayo kabisa. Nakusihi usinunue dawa ya aina hiyo bila kipimo, hata jirani akikuapia kwamba yeye ilimponya.

Aliyenifungua macho ni tabibu wa zahanati. Alinieleza kwamba utumbo mwembamba umefunikwa kwa ndani na vijinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula, na kwamba virusi vya tumbo huviharibu vijinyweleo hivyo. Virusi vyenyewe huondoka baada ya siku chache, lakini utumbo huchukua muda kurudia kazi yake yote, pengine wiki kadhaa. Moto umezimwa, ila nyumba haijaezekwa upya. Hivyo sidhani kwamba ugonjwa umejificha. Naamini tumbo lako bado linapona, nalo linahitaji kupewa kazi ndogo kwa muda.

Kisha akaniuliza ninakunywa nini asubuhi. Nikamjibu kwamba ninakunywa chai ya maziwa, vikombe viwili, na kingine jioni. Akaniambia kwamba kwenye ncha za vijinyweleo hivyo ndiko kinakotengenezwa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, na ncha hizo zikiharibika, maziwa hupita bila kusagwa hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huyachachusha na kuleta gesi, mngurumo na kinyesi chepesi. Mama Neema, nilipoacha maziwa tu, siku ya nne niliamka nikiwa mtu mwingine. Umeniandikia kwamba chai ya maziwa ndiyo kitu pekee unachokimudu asubuhi, nami nina hofu kwamba ndiyo inayokutesa. Iache kwa wiki mbili. Hali hii kwa kawaida ni ya muda, na utakaporudi kwenye maziwa anza na mtindi kidogo, kwa kuwa bakteria wa mtindi huwa wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Kuhusu chakula, mama mkwe wangu, ambaye ni Mgogo na haamini kwamba kuna tumbo lisiloponywa na uwele, alinipikia uji mwepesi wa uwele akauchuja kwa kitambaa, kwa sababu pumba zake zilikuwa zikinikereketa. Nilikunywa nusu kikombe kila baada ya saa mbili, pengine nikiwa sina hamu hata kidogo, kwani tumbo tupu nalo huongeza kichefuchefu. Baada ya siku tatu niliongeza wali laini, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha, na supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta. Mlenda ulinikubali mapema kuliko nilivyotarajia, mradi usitiwe karanga. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, na baada ya virusi tumbo lenyewe huweza kuwa zito kujimwaga. Ndiyo maana sahani moja iliyojaa inakushinda, lakini chakula hichohicho kikigawanywa mara tano au sita unakimudu. Maharage na makande yasubiri. Soda, kahawa, na chai kali kabla ya kula viache kabisa kwa sasa, na ukimaliza kula usilale. Keti walau saa moja.

Tangawizi ilinisaidia kweli. Kata vipande vyembamba vichache, vimwagie maji ya moto, funika kwa dakika kumi, kisha unywe kidogokidogo. Usiifanye kali, maana hugeuka kuwa kiungulia.

Siku ambayo kinyesi kitakuwa chepesi, kunywa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini: pakiti nzima katika lita 1 ya maji safi, na yakibaki baada ya saa 24 uyamwage. Pakiti zikikosekana, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1, ukivipima kwa kijiko kilichosawazishwa. Tafadhali usitumie maji ya kisima chenye magadi au chumvi, kama yale tuliyokuwa tukichota zamani, kwa sababu utakuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi. Kichwa kikiuma, meza paracetamoli, na uache diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuchubua ukuta wa tumbo.

Hata hivyo, mimi si tabibu, na wiki tatu si muda mfupi. Nenda upime malaria, na upime ujauzito pia (usicheke, inatokea), kisha uwaeleze kama maumivu yako yako juu, chini ya kifua, hasa ukiwa na njaa, kwa sababu vidonda vya tumbo huanza hivyo. Ukiona damu katika kinyesi au matapishi, homa, macho ya manjano, mkojo mchache wenye rangi nzito, nguo zinazokulegea siku hadi siku, au ukishindwa kuweka tumboni hata maji, usisubiri kesho. Na uendelee kunawa kwa sabuni kabla ya kuwapikia watoto, kwani virusi vingine huendelea kutoka katika kinyesi kwa wiki mbili na zaidi baada ya mtu kujiona mzima.

Kuna siku utaamka vizuri na siku ya pili kichefuchefu kirudi. Mimi kilinirudia mara tatu, na kila mara nililia nikidhani nimerudi mwanzo, lakini kila kiliporudi kilikaa muda mfupi zaidi. Ulisema mumeo anakuona kama unadeka. Msomee barua hii.

Nimempa kijana anayekuja na basi la Singida mfuko wa unga wa uwele uliosagwa laini na mizizi ya tangawizi. Anza na uji kesho asubuhi badala ya ile chai, halafu uniandikie siku utakayojaribu kijiko cha kwanza cha mtindi.

Rafiki yako,
Mama Daudi