Kinu kimesimama, na fundi wake mmemnyamazisha

Mwalimu wa Fizikia,
Shule ya Sekondari ya Kata,
Ilemela, Mwanza.

4 Agosti 2025

Meneja,
Makumbusho ya pamba na mitambo ya kale,
(jina la kampuni limehifadhiwa),
Mwanza.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA WANAFUNZI YA TAREHE 26 JULAI 2025

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya tarehe 26 Julai niliwaleta kwenu wanafunzi 36 wa Kidato cha Pili, tukiwa na walimu wenzangu wawili na baba yangu mzazi. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000 kwa mwanafunzi na 10,000 kwa mtu mzima, jumla 220,000. Juu ya hizo nililipa 60,000 za ziada, kwa kuwa aliyepokea simu yangu ofisini kwenu alinihakikishia kwamba kundi la shule likilipia, kinu, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu, huwashwa na watoto wakaona pamba ikichambuliwa. Risiti ninayo. Fedha hizo zilitoka kwa wazazi, na wapo waliozitoa kwa awamu mbili, buku leo, buku wiki ijayo.

Kinu hakikuwashwa. Tulisubiri tangu saa nne asubuhi hadi saa tano na nusu, tukiambiwa fundi yuko njiani. Nilipozunguka nyuma ya mashine mwenyewe nikakuta waya wa mota umekatwa na ncha zake zimefungwa utepe mweusi, na utepe wenyewe umeshika vumbi. Waya ule haukukatwa wiki hiyo, wala mwezi huo. Kwa hiyo mlipopokea fedha zetu mlijua kwamba mashine haina umeme.

Nilikuwa nimeandaa somo la mashine rahisi. Watoto walikuwa wapime kipenyo cha puli ya mota na cha puli ya kinu, wakokotoe rola izunguke mara ngapi kwa dakika, kisha wahesabu kwa macho waone kama hesabu yao inakubali. Darasani kwetu tuna kapi mbili za plastiki na kamba ya katani. Siku mwalimu wa shule ya kata anapopata mashine ya kweli yenye shafti, mkanda na beringi, hiyo ni siku ya kukumbukwa. Mliniharibia siku hiyo.

Lakini fedha siyo zilizonisukuma kuandika. Nimeandika kwa sababu ya yaliyompata baba.

Baba ana miaka 71. Anaishi Sengerema, na siku hiyo aliamka alfajiri akavuka kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi ili awahi. Alianza kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba mwaka 1976 akiwa mtu wa kupaka grisi, akaiacha mwaka 2003 akiwa fundi mkuu wa zamu. Mashine mliyoiweka katikati ya ghala lenu, ile ya rangi ya kijani, ni ya aina aliyoihudumia kwa miaka 27. Tangu astaafu hakuwahi kuiona tena. Alipoingia na kuiona alivua kofia.

Kijana wenu wa kuongoza wageni akaanza kusoma kibao: kwamba hii ni mashine ya kuchambua pamba iliyovumbuliwa na Eli Whitney wa Marekani mwaka 1793, na kwamba hutumia meno ya msumeno kuvuta nyuzi. Baba akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii siyo ya msumeno. Hii ni ya rola." Alikuwa sahihi. Mashine ya Whitney ilivuta nyuzi kwa meno ya waya yaliyopita katikati ya nafasi nyembamba, na hizo za msumeno ndizo zilizotokana nayo. Hii yenu ina rola iliyovikwa ngozi na ina visu viwili, kimoja kimetulia, kingine kinapanda na kushuka. Mpango huo hati yake ya uvumbuzi aliichukua mtu mwingine kabisa, Fones McCarthy, naye Mmarekani, mwaka 1840. Tofauti hiyo si ndogo. Msumeno una kasi lakini hukatakata nyuzi. Rola ni ya polepole lakini hutoa nyuzi zikiwa ndefu, na nyuzi ndefu ndizo anazozitaka msokota uzi. Ukimkosesha mtoto hapo, umemkosesha kuelewa kwa nini mashine hiyo ilikaa Usukumani miaka yote ile.

Jibu la kijana wenu lilikuwa: "Mzee, hapa anayetoa maelezo ni mimi. Wageni hawaruhusiwi." Baba akanyamaza. Dakika chache baadaye msichana mmoja wa darasa langu alimuuliza, "Babu, zile ngozi zinabadilishwa?" Baba akainua mkono kuelekea rola kumwonyesha pale ngozi ilipopasuka. Mlinzi akaitwa. Mlinzi akamshika mzee mkono mbele ya watoto 36 na kumwambia asimame nje ya kamba au atoke. Wala hakutanguliza hata shikamoo.

Baba alitoka nje.

Sitaki kijana huyo afukuzwe kazi. Nilizungumza naye baadaye, akaniambia ana wiki tatu tu tangu aajiriwe, alipewa karatasi mbili akariri, na karatasi hizo ndizo zilizo ukutani. Hajawahi kukiona kiwanda cha pamba kikifanya kazi. Mzigo huu ni wa kampuni. Ninyi ndio mliomsimamisha mbele ya watu bila kumfundisha, na ninyi ndio mliomwekea sheria ya kuwanyamazisha wenye kujua.

Sasa nije kwenye kibao cha mbegu, kwa sababu hapo nilitaka kulia. Mmeandika kwamba mbegu ya UK91 "ililetwa kutoka Uingereza mwaka 1991". Ndugu Meneja, UK ni Ukiriguru! Ni hapo Misungwi, safari isiyofika saa moja kwa gari kutoka ghalani kwenu. Watafiti wa kituo cha Ukiriguru ndio walioizalisha mbegu hiyo, kama walivyozizalisha UK77 na UK82 kabla yake, na tarakimu ni mwaka ilipotolewa kwa wakulima. Kazi ya miaka mingi ilifanyika pale, kutafuta pamba inayostahimili ugonjwa wa mnyauko na yenye manyoya kwenye majani ili wadudu wanaofyonza wasipate pa kushika. Kazi hiyo imefanyika kwenye udongo wetu, nanyi kwa mstari mmoja mmeihamishia Ulaya. Jumatatu nilikusanya madaftari. Madaftari 31 kati ya 36 yameandika "Uingereza". Nimeyasahihisha yote kwa kalamu nyekundu, lakini sijui shule ngapi zimepita hapo kabla yetu.

Kuna na mizani, ile ya chuma yenye ndoano, iliyotundikwa kwenye boriti pembeni ya choo. Chini yake kuna maneno matatu: "Mizani ya zamani." Basi. Watoto walipita bila hata kusimama. Ningekuwa na uwezo, mizani hiyo ningeiweka mlangoni, iwe kitu cha kwanza mgeni anachokutana nacho. Babu yangu mzaa baba aliuza pamba yake kwenye mizani kama hiyo miaka ya hamsini, enzi ambazo mkulima alileta gunia akijua uzito wake, akaondoka na fedha za uzito mwingine. Manung'uniko ya kupunjwa kwenye mizani ndiyo yaliyowakusanya wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakaanza kusimamia upimaji wao wenyewe, wakaunda vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani. Shirikisho hilo likaja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, likamiliki viwanda vyake vya kuchambua, na Bomani mwenyewe mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Yote hayo yamening'inia kwenye ndoano ile, karibu na choo.

Kwenye kona ya meli sikukaa sana. Picha ya MV Victoria ni nzuri. Ila maandishi yanasema meli hiyo "ilisafiri kutoka Uskochi hadi Mwanza". Ziwa letu halina njia ya kutokea baharini ambayo meli inaweza kupita. Iliundwa Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya Kisumu. Hadithi hiyo ya kweli ingewafurahisha watoto zaidi ya hiyo mliyoandika.

Na kwenye ukuta mzima wa picha, nilihesabu mashine tisa na mabwana sita waliovaa kofia za jua, lakini sikuona hata mfanyakazi mmoja mwenye jina. Hakuna mwanamke aliyechagua pamba safi na kuitenga na pamba fifi, kazi ambayo mama zetu waliifanya wakiwa wamekaa chini na watoto mgongoni. Hakuna anayeeleza vumbi. Baba hukohoa kila asubuhi hadi leo, na wenzake kadhaa walikohoa hivyo hadi wakafa; walikuwa wakijifunga vitambaa puani kwa sababu hapakuwa na kingine. Kiwanda cha pamba bila vumbi si kiwanda cha pamba.

Naomba niwaeleze kilichotokea nje ya geti lenu, maana hakuna mtu wenu aliyekuwepo kukiona.

Tulipotoka tulimkuta baba amekaa chini ya mwembe. Mfukoni alikuwa na pamba mbegu kiasi cha kujaza kiganja, aliyoichuma shambani kwake, kwa sababu alitarajia kuiona ikiingia mashineni. Aliwaita watoto. Akampa yule msichana fungu moja akamwambia, "Vuta nyuzi, mbegu ibaki." Msichana akavuta, nyuzi zikakatika. Baba akachukua rula ya mwanafunzi, akaibana kwenye paja lake, akapitisha nyuzi chini ya ukingo wake na kuzivuta taratibu kwa kiganja. Mbegu ikafika kwenye ukingo wa rula ikakwama. Kwa kidole cha mkono mwingine akaigonga, ikaruka. "Kiganja changu ndiyo rola," akasema. "Rula ni kisu kilicholala. Hiki kidole ni kisu kinachocheza. Nyuzi zinapita, mbegu haina pa kupita." Kidole chenyewe hakina pingili ya juu, kilikatwa na kisu cha kweli mwaka 1983, zamu ya usiku, na watoto walipouliza aliwaambia.

Kisha akawaambia kwamba fundi mzuri hakuhitaji kufungua mashine ili ajue kisu kimelegea, alisikia kwa sikio, kwa sababu sauti ilibadilika kutoka kukereza na kuwa kugonga. Akawaambia kwamba katika kila kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni kama theluthi moja tu, sehemu inayobaki karibu yote ni mbegu, na mbegu inakwenda kukamuliwa mafuta. Somo langu la puli alilifundisha kwa mfuniko wa ndoo na kizibo cha chupa. Tulikaa pale saa nzima. Kosta ilitudai nyongeza ya kusubiri, nikailipa mwenyewe, na sikuijutia.

Ninachodai ni hiki. Kwanza mrudishe shilingi 60,000 za onyesho ambalo halikufanyika; nitazigawa kwa wazazi. Kibao cha UK91 na kile cha Whitney vishushwe wiki hii, si mwaka kesho, na mniandikie barua yenye masahihisho ili niwasomee wanafunzi kutoka kwenu, wasidhani ni mwalimu wao tu anabisha. Mizani iondoke pale ilipo. Kinu mkivike ngozi mpya na kukipaka grisi kabla kutu haijala beringi, kwa sababu nilivyokiona, misimu miwili mingine ya mvua na paa lile linalovuja hakitazunguka tena.

La mwisho ni kubwa kuliko hayo yote. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba, na wale wa Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza, waliofuma vitenge na shuka tulizolalia utotoni, bado wapo Mabatini, Igoma, Magu, Sengerema. Wengi wamepita sabini. Watafuteni. Walipeni kwa siku, hata kama ni siku moja kwa wiki, wasimame kando ya mashine zao waeleze. Warekodini sauti zao. Na hiyo sheria ya kwamba mgeni haruhusiwi kusema iondoeni, kwa sababu katika jengo lenye mashine ya Usukumani, mgeni mwenye nywele nyeupe huenda ndiye mwenyeji.

Kwa baba, nataka aombwe radhi, kwa mdomo, na mtu mwenye cheo. Yeye hajaomba jambo hilo. Nimeliomba mimi mwanawe.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya nitapeleka suala la fedha Tume ya Ushindani, kwa sababu kuuza onyesho la mashine mnayojua haifanyi kazi ni kumdanganya mlaji.

Nimeambatisha nakala za risiti mbili, picha ya waya uliokatwa, na ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi. Namba ya simu ya baba nimeiandika nyuma ya risiti ya pili. Nilimuuliza kama mkimwita atakuja, akajibu kwamba atakuja siku yoyote isipokuwa Jumapili, na kwamba spana zake anazo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Ilemela, Mwanza.

Nakala: Mkuu wa Shule
Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi