Treni ya Kijani ya Tokyo

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mama ameniambia goti limekuanza tena, hata kusimama foleni ni taabu. Pole sana, Mjomba. Sisi huku wazima.

Uliniuliza kwenye simu treni za huku zikoje, nami nikakujibu mbio mbio. Wewe mtu wa karakana ya reli huwezi kutosheka na "nzuri tu", basi nakuandikia.

Ninayopanda kwenda kazini ni ya njia ya Yamanote, inayozunguka katikati ya jiji: kilomita 34.5, stesheni 30, mzunguko mmoja karibu saa nzima. Treni yenyewe ni ya aina iitwayo E235, mabehewa 11, kila ubavu wa behewa milango 4. Umbo lake lilisimamiwa na Ken Okuyama, yule aliyechora gari la Ferrari Enzo. Rangi ya njia hii ni kijani, na zamani ilipita ubavuni mwa behewa kama mkanda. Majukwaa yakaja kuwekewa vizuizi vyenye milango ili watu wasitumbukie relini, mkanda ukafichika nyuma yake. Wakaihamishia rangi kwenye milango ya treni, ikasimama toka juu hadi chini, na aliye jukwaani anaiona juu ya kizuizi. Mimi napenda sana akili ya namna hiyo.

Viti navyo wamevipanua kutoka sentimita 45 hadi 46. Ukiwa umebanwa katikati ya watu wawili saa mbili asubuhi, sentimita hiyo moja unaijua! Viti vya wazee, wajawazito na wagonjwa vimeongezwa, na kila behewa lina nafasi wazi ya kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto. Ungekuja huku na goti lako usingehangaika kutafuta behewa maalumu. Ungepanda lolote lililo mbele yako.

Treni hii ya E235 ilianza kubeba abiria tarehe 30 Novemba 2015, na siku hiyo hiyo ikapata hitilafu. Waliiondoa njiani, wakaikagua, ikarudi 7 Machi 2016. Wangeweza kuiacha iendelee huku wakiipigapiga viraka, lakini walikubali kungoja miezi mitatu, na kwa hilo nawaheshimu. Kufikia Januari 2020 treni za zamani zote za njia hii zilikuwa zimepisha. Hata hivyo, katika treni nyingi behewa la 10 ni la zile za zamani: lilikuwa bado jipya, wakalirekebisha, wakaliunga na wenzake.

Ikifunga breki, mota zake hugeuka kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye waya wa juu, treni nyingine iliyo karibu ikautumia. Hapo ndipo ninapotaka unieleze, Mjomba: enzi zenu, breki za mabehewa mlikuwa mnazikagua vipi kabla treni haijaondoka Tabora? Niandikie kwa urefu, au umsimulie Zuhura aandike.

Mpwa wako