Ziara ya Kengeleni: Gredi ya 6, Jumamosi

Wazazi na walezi wapendwa,

Shikamooni. Jumamosi hii watoto wa Gredi ya 6 watazuru Kengeleni, Mombasa, mahali ambapo makondakta hupaza jina kila siku bila abiria wengi kukumbuka kwamba linatokana na kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la kimisionari la Kianglikana) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Baadhi ya walimu wa mwanzo walikuwa Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua ukubwani.

Kwa kuwa shule yetu ni ya binafsi na haipati mgao wa serikali, nauli ya basi tutachangia wenyewe. Anayebanwa aniandikie faraghani, wala asimzuie mtoto. Wazazi Waislamu wameuliza kama kutakuwa na ibada: hapana, watoto wataingia katika kanisa la pale kutazama jengo tu, na asiyetaka atabaki nje na mwalimu.

Basi litaondoka langoni saa mbili kamili asubuhi. Tafadhali wabebeeni maji na kofia, kwani kivuli pale barabarani ni haba.

Mratibu