Vigango vikirudi, virudi hadi kwa wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vigango vya Wamijikenda ambavyo makumbusho ya Marekani yamekuwa yakivirudisha nchini.

Kwa msomaji asiyetoka Pwani, kigango ni nguzo ya mti mgumu, yenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu, ambayo Wagiriama na jamaa zao wa Kimijikenda humsimamishia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Aghalabu marehemu mwenyewe ndiye anayekidai. Humjia mtu wa ukoo ndotoni, au maradhi yakaiandama nyumba mpaka mganga akaeleza sababu. Kikishasimikwa hufungwa kitambaa, kikamwagiwa tembo la mnazi, na hakiondolewi tena. Ukoo ukihama, kigango hubaki pale pale kwenye mahame hadi mvua na mchwa wakimalize. Ndivyo inavyotakiwa.

Wafanyabiashara walipenya hapo hapo. Miaka ya 1970 na 1980 vijana wasio na kazi waliving'oa wakaviuza kwa bei ya kutupa kwa wachuuzi wa Mombasa, na huko ng'ambo vikauzwa kwa maelfu ya dola. Wafanyabiashara walioulizwa walijibu kwamba vilikuwa vimetupwa. Kaburi la babu yako likiota nyasi, je, limekuwa mali ya mpita njia?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wizi huo ulishamiri wakati Wamagharibi walipokuwa wameanza kutusifu. Zamani makumbusho yao yaliviweka vitu vya Waafrika pamoja na mifupa ya wanyama. Baadaye wakasema hii ni sanaa, wakaviegemeza kwenye kuta nyeupe chini ya taa. Wako wanaoyaita hayo maendeleo. Mimi sikubali, kwa sababu sifa hizo ndizo zilizopandisha bei, na bei ndiyo iliyomtuma mwizi mahameni.

Mabadiliko ninayoyaheshimu yalikuja baadaye. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Haikuchukua muda vikaibwa. Mwaka 1999 mtafiti huyo alikiona kimojawapo kwenye picha zilizoonyeshwa mkutanoni. Kilikuwa katika makumbusho moja ya Illinois, Marekani. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirudishwa mwaka 2006 na 2007, lakini mzee alikuwa amekwisha kufariki.

Mwaka 2014 makumbusho ya sayansi ya Denver yaliamua kuachia vigango 30. Hakuna sheria iliyoyalazimisha, maana sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inawahusu wenyeji wa asili wa nchi hiyo tu. Ila makumbusho hayo yalikuwa yamewahi kuwarudishia Wazuni, mojawapo ya jamii za wenyeji hao, sanamu za miungu yao ya vita, ambazo nazo ni mali ya jamii nzima na lazima ziachwe zioze juani na kwenye upepo. Kwa mtu aliyesomea kazi ya kuhifadhi, kukubali kwamba kitu kina haki ya kuoza si jambo dogo. Waliofunzwa hilo na Wazuni hawakupata shida kumwelewa Mgiriama. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois nayo yalirudisha vigango 37. London bado: ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, imekaa huko zaidi ya karne moja.

Lakini tusiwanyoshee kidole wageni peke yao. Vigango vya Denver vilifika Kenya mwaka 2019 tu, na miongoni mwa yaliyovichelewesha ni mvutano wa ushuru wa forodha. Tulikuwa tukiwatoza ushuru marehemu wetu wanaorudi kwao! Tena kuna wanaodhani kwamba kigango kikishatua Nairobi, safari imekwisha. Ghala la Nairobi na ghala la Denver ni yale yale kwa ukoo ulioibiwa.

Naelewa ugumu uliopo. Vingi viliuzwa bila jina la mwenyewe wala la kijiji. Hata hivyo, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yanaweza kuchapisha picha ya kila kigango, mbele na nyuma, na kuzisambaza kwa machifu na wazee kuanzia Rabai na Kaloleni hadi Ganze na Magarini. Wako wazee wanaoweza kutambua mkono wa mchongaji. Lakini wanazeeka, na kila mwaka tunawazika. Ambavyo havitapata mwenyewe, wazee wa kaya, walinzi wa misitu yetu mitakatifu, waulizwe visimikwe wapi na kwa tambiko gani, na Serikali ya Kaunti ya Kilifi igharimie usafiri na walinzi. Sheria nayo itamke wazi kwamba mabaki ya aina hii yakirudishwa hayatozwi ushuru, kabla shehena nyingine haijafika bandarini.

Mwalimu mstaafu,
Kaloleni, Kilifi